Jinsi ya Kutambua Kichwa cha Skrubu na Kuchagua Bisibisi Inayokifaa

Wanaoanza ufundi hapa Tanga, pamoja na wenye nyumba wanaotaka kukaza bawaba au kufungua feni bila kumwita fundi, huuliza maswali yaleyale: kwa nini bisibisi ya nyota inaingia kwenye skrubu lakini inaponyoka ikizungushwa, kwa nini bisibisi iliyofungua kabati vizuri inaharibu skrubu za pikipiki, na mtu afanye nini ikiwa kichwa cha skrubu kimekwisha kuliwa. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kukitazama kichwa cha skrubu hadi kuirudisha skrubu mahali pake. Msingi wa yote yatakayofuata ni huu: bisibisi kuingia kwenye tundu hakutoshi kuwa ushahidi kwamba inafaa. Skrubu zinazofika kwa fundi zikiwa zimeharibika, mara nyingi ziliharibiwa na bisibisi iliyokaribia kufaa.

Wingi wa aina za vichwa vya skrubu unachosha, na anayeulalamikia ana haki. Kila aina ilibuniwa katika nchi na wakati wake ili kutibu kasoro ya aina iliyotangulia, lakini hakuna hata moja iliyofanikiwa kuziondoa nyingine sokoni. Kichwa chenye mfereji mmoja kilikuwapo kwanza. P. L. Robertson wa Kanada akaleta tundu la mraba mwaka 1908, Henry F. Phillips wa Marekani akapata hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, za tundu la msalaba mwaka 1936 na viwanda vya magari vikalipokea, kisha Torx yenye ncha sita ikafuata mwaka 1967. Mji wa bandari unaotumia magari na pikipiki za Japani, mashine za India na Uchina, na vifaa vya Ulaya, hujikuta na aina hizo zote katika mtaa mmoja. Ndiyo sababu fundi wa Ngamiani hapa mjini hana budi kuzijua.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usinunue seti kubwa ya bisibisi thelathini kwa bei ya chakula cha mchana. Chuma chake huwa laini, ncha hujipinda kwenye skrubu ya kwanza ngumu, na ncha iliyojipinda huharibu kila skrubu itakayoguswa nayo baadaye. Kwa fedha hiyohiyo au kwa kuongeza kidogo, pata vichache vilivyo imara:

- Bisibisi mbili za msalaba aina ya Phillips, namba PH1 na PH2. Hizi ndizo ambazo wengi wetu tunaziita bisibisi za nyota.
- Bisibisi moja aina ya Pozidriv, namba PZ2. Ukiwa na fedha za bisibisi moja tu ya ziada, nunua hii, kwa kuwa ndiyo inayokosekana katika masanduku mengi ya vifaa.
- Bisibisi bapa mbili au tatu za upana tofauti, kwa mfano milimita 3, 5.5 na 8.
- Seti ya funguo za umbo la herufi L zenye pembe sita, ambazo mafundi huziita alenki, za vipimo vya milimita kuanzia 2 hadi 8.
- Biti za Torx kuanzia T10 hadi T30, pamoja na mpini mmoja wa kuzishika.
- Testa ya umeme, ambayo itatumika kupima umeme tu na isigeuzwe kuwa bisibisi ya kufungulia vitu.
- Mafuta ya kupenya kutu, brashi ndogo ya waya, sindano nene au msumari mwembamba, nyundo ndogo na tochi.

Anayetengeneza pikipiki au cherehani za Kijapani aongeze bisibisi za kiwango cha Kijapani, JIS. Anayetengeneza simu aongeze seti yake ndogo ya pekee, kwa sababu hakuna kifaa katika orodha hii kitakachomsaidia.

Dukani, usitaje jina peke yake. Muuzaji akisikia "nyota" anaweza kukupa Phillips, Pozidriv au hata Torx, na wote wawili mkaamini kwamba mmeelewana. Chukua skrubu yenyewe, au skrubu mwenzake iliyotoka kwenye kifaa hichohicho, uijaribu na bisibisi hapohapo kwenye meza ya duka kabla ya kulipa.

Hatua kwa hatua

1. Zima umeme, kisha safisha kichwa cha skrubu.

Ikiwa skrubu iko kwenye swichi, soketi, taa au feni ya ukutani, zima umeme kwenye swichi kuu na uhakikishe kwa testa kwamba umeme umekatika kweli. Mita ya LUKU na lakiri zake usiziguse kabisa. Hiyo ni kazi ya TANESCO.

Baada ya hapo kitazame kichwa kwa tochi. Tundu la skrubu iliyokaa muda mrefu huwa limejaa rangi, vanishi, grisi iliyoganda au vumbi. Katika nyumba za karibu na bahari, kuanzia Raskazoni hadi Sahare, huwa na kutu ya unga iliyochanganyika na chumvi inayoletwa na upepo. Uchafu huo huizuia ncha kufika chini ya tundu. Ncha isiyofika chini hushika ukingo wa juu tu, na ukingo huo ndio huliwa. Chokonoa kwa sindano au msumari hadi uone chuma kwenye kona zote, kisha upige brashi ya waya. Dakika mbili za kusafisha zinaweza kukuondolea kazi ya nusu siku, na bado hii ndiyo hatua ambayo karibu kila anayeanza huiruka.

2. Tambua aina ya kichwa.

Hapa ndipo panapohitaji subira kuliko hatua nyingine zote, kwa hiyo soma aina moja baada ya nyingine ukiwa na skrubu chache mkononi.

*Mfereji mmoja.* Ni ufa ulionyooka kutoka ukingo mmoja wa kichwa hadi mwingine. Utaukuta kwenye cherehani za zamani, kwenye bawaba na vitasa vya milango ya kale, kwenye skrubu ndefu zinazoshikilia soketi na swichi ukutani, na kwenye kabureta. Unaonekana rahisi kuliko yote, lakini una masharti mawili ambayo hayaonekani kwa haraka: ncha ya bisibisi iwe na upana unaokaribia urefu wa mfereji, na iwe na unene unaoujaza mfereji. Ncha nyembamba hushika kwenye pembe zake mbili tu, na pembe hizo huukunja ukingo wa mfereji.

*Msalaba wa Phillips.* Una mikono minne inayokutana katikati, na kuta zake zimeinama kuelekea chini. Kwa sababu ya kuta hizo, bisibisi hujisukuma juu na kuponyoka inapozungushwa kwa nguvu, hasa isipogandamizwa vya kutosha. Ni kasoro ya umbo lenyewe, na dawa yake ni kugandamiza, kama hatua ya 4 itakavyoeleza.

*Msalaba wa Pozidriv.* Kwa mbali unafanana kabisa na Phillips, na hapo ndipo skrubu nyingi za makabati na bawaba za kisasa zinapoharibikia. Tazama sehemu bapa ya kichwa kati ya mkono mmoja wa msalaba na mwingine. Ukiona vistari vinne vyembamba vilivyochorwa hapo, kama msalaba wa pili mdogo uliogeuzwa upande, hiyo ni Pozidriv. Ncha ya bisibisi yake nayo ina kingo nne ndogo kati ya mabawa yake makubwa. Kuta za Pozidriv zimesimama zaidi, kwa hiyo haiponyoki kwa urahisi ikipata bisibisi yake. Bisibisi ya Phillips huingia humo na kucheza, na ya Pozidriv haiwezi kuzama hadi chini katika tundu la Phillips. Skrubu nyingi za mbao zinazotoka Ulaya, na vifungio vya waya kwenye sakiti breka (swichi za usalama zinazokata umeme zenyewe), hutumia PZ2. Vifungio vingi vya sakiti breka vina msalaba na mfereji kwa pamoja, na bisibisi bapa hukubali pia, ingawa hukaza kwa udhaifu zaidi.

*Msalaba wa Kijapani, JIS.* Huu ni wa tatu katika familia ya misalaba, na ndio unaowatesa mafundi wa bodaboda. Utaukuta kwenye vifuniko vya injini na kabureta za pikipiki za Honda, Yamaha na Suzuki zilizotengenezwa Japani, kwenye magari ya Kijapani, na kwenye cherehani. Skrubu nyingi za aina hii zina kidoti kimoja kidogo kilichobonyezwa kwenye kichwa, pembeni mwa msalaba. Bisibisi ya JIS hufanya kazi salama kwenye skrubu ya Phillips, lakini bisibisi ya Phillips kwenye skrubu ya JIS haifiki chini, na skrubu ikiwa imekazwa kweli, kichwa huliwa mara moja. Kwa maoni yangu, anayefanya kazi kwenye pikipiki za Kijapani kila siku aache kabisa bisibisi ya Phillips na atumie JIS kwa misalaba yote miwili.

*Tundu la pembe sita.* Hili hufunguliwa kwa alenki. Limeenea kwenye baiskeli, na mji huu wenye baiskeli nyingi unalijua vizuri, hasa kwenye usukani na nguzo ya kiti za baiskeli za kisasa. Hatari yake ni mchanganyiko wa vipimo vya milimita na vya inchi. Ufunguo wa inchi 3/16 una milimita 4.76, kwa hiyo huingia kwenye tundu la milimita 5 na huonekana kama unafaa, kisha ukitiwa nguvu huzimaliza pembe zote sita.

*Torx.* Tundu lina ncha sita za mviringo. Utaikuta kwenye magari ya Ulaya, kwenye mashine za umeme za mkononi, na kwenye diski za breki za baiskeli za kisasa, ambazo kwa kawaida huchukua T25. Ni aina inayoshika vizuri kuliko zote zilizotangulia. Usiifungue kwa alenki hata kama inaingia. Ukiona kijiti kidogo kimesimama katikati ya tundu, unahitaji biti ya Torx iliyotobolewa katikati. Magari ya Volkswagen na mengine ya Ujerumani yana pia tundu lenye ncha kumi na mbili zilizochongoka, ambalo si Torx na lina biti zake.

*Mraba wa Robertson.* Ni nadra hapa. Ukiukuta kwenye samani au mashine iliyotoka Kanada au Marekani, tafuta biti ya mraba. Namba 2, ambayo rangi yake ni nyekundu, ndiyo ya kawaida zaidi.

*Vichwa vya simu na vifaa vidogo.* Skrubu mbili za chini kwenye iPhone zina petali tano, na ndani ya baadhi ya simu hizo, kama ilivyo kwenye vifaa vya michezo vya Nintendo, kuna skrubu za mikono mitatu mfano wa herufi Y. Usijaribu kuzifungua kwa bisibisi bapa ndogo.

3. Pima ukubwa kwa kutikisa.

Aina ikishajulikana, bado ukubwa. Anza na bisibisi kubwa kuliko unayoidhania, kisha ushuke, kwa kuwa kubwa isiyoingia haidhuru kitu, ilhali ndogo inayoingia kwa urahisi ndiyo iharibuyo. Simamisha bisibisi kwenye skrubu bila kuigandamiza, na utikise mpini kwa vidole viwili kulia na kushoto. Ikicheza, jaribu namba inayofuata. Ikisimama imara na ncha imezama hadi chini, umeipata.

Kwa makadirio, skrubu za msalaba zenye unene wa milimita 3.5 hadi 5 huchukua namba 2, nazo ndizo nyingi majumbani. Ndogo kuliko hizo, kama za pasi, redio na plagi, huchukua namba 1. Kubwa zaidi huchukua namba 3. Kwa boliti za kawaida za alenki zenye kichwa cha mviringo kilichosimama, ukijua unene wa boliti umeijua alenki yake: boliti ya milimita 4 huchukua alenki ya 3, ya 5 huchukua ya 4, ya 6 huchukua ya 5, ya 8 huchukua ya 6, na ya 10 huchukua ya 8.

4. Simamisha wima, gandamiza, kisha zungusha.

Bisibisi isimame katika mstari mmoja na skrubu. Ikilala hata kidogo, mabawa ya upande mmoja hutoka kwenye tundu. Shika mpini kwa kiganja chote, mkono wa pili ushike shina karibu na skrubu ili kuiongoza, na uweke uzito wa bega juu ya mpini. Katika misalaba, hasa Phillips, sehemu kubwa ya nguvu yako iende katika kugandamiza, na iliyobaki ndiyo izungushe. Anayeanza hufanya kinyume chake.

Kabla ya kulegeza, kaza kidogo sana, kiasi cha kuhisi tu. Msukosuko huo mdogo mara nyingi huvunja kutu au rangi iliyoshika, na skrubu hukubali kurudi.

Kosa la kawaida hapa ni kuendelea kuzungusha baada ya bisibisi kuponyoka mara ya kwanza. Ikiponyoka mara moja, simama na uitafute sababu: uchafu tunduni, namba ndogo, aina isiyo yake, au bisibisi iliyolala. Kila kuponyoka hukwangua chuma, na baada ya mara tatu au nne hakuna kilichobaki cha kushika.

5. Hakikisha mwelekeo.

Skrubu karibu zote hulegea zikizungushwa kinyume cha mishale ya saa, lakini zipo zinazokwenda kinyume, na nguvu utakazoziongeza zitazikaza zaidi. Kofia inayoshika panga la feni ya kusimama mara nyingi hulegea kwa kufuata mishale ya saa. Pedali ya kushoto ya baiskeli nayo hulegea hivyo. Kanuni ya kukusaidia ni kwamba, pale kitu kinapozunguka na mzunguko wake ungeweza kuilegeza skrubu, waundaji huigeuza.

6. Ikikataa, tia mafuta na uipe muda.

Tia matone machache ya mafuta ya kupenya kutu pembezoni mwa kichwa, kisha weka bisibisi tunduni na uigonge kichwani kwa nyundo ndogo mara kadhaa. Mapigo hayo hufanya kazi mbili: huizamisha ncha hadi chini, na huitikisa kutu ili mafuta yapite. Gonga tu bisibisi ambayo shina lake la chuma limepita ndani ya mpini hadi juu. Mpini wa plastiki mtupu utapasuka. Usigonge kitu kilichoundwa kwa plastiki, kioo au chuma cha kumimina chembamba. Acha kwa saa moja, na kwa skrubu ya nje iliyokaa miaka katika upepo wa bahari uiache hadi kesho yake, ukiongeza mafuta mara mbili katikati.

Kwa vifuniko vya injini za pikipiki ipo bisibisi maalumu ya kugongwa, ambayo kila pigo la nyundo huigandamiza na kuizungusha kidogo kwa wakati mmoja. Fundi wa bodaboda asiyekuwa nayo aitafute kabla ya kununua kifaa kingine chochote.

Moto husaidia kwenye chuma kitupu, lakini usiutumie karibu na tangi la petroli, plastiki, mpira au mbao, wala kwenye skrubu ambayo bado imelowa mafuta.

7. Panga skrubu kadiri zinavyotoka.

Skrubu za kifaa kimoja mara nyingi hufanana vichwa na kutofautiana urefu. Ukiirudisha ndefu mahali pa fupi, utatoboa kilichoko chini yake, kama ubao wa saketi wa simu au kompyuta ya mkononi. Chora umbo la kifaa kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, na uichomeke kila skrubu mahali pake.

8. Wakati wa kurudisha, anza kwa mkono.

Weka skrubu kwenye tundu lake na uizungushe kwanza upande wa kulegeza, taratibu, hadi uhisi inadondoka kidogo. Hapo meno yake yamekutana na meno ya zamani. Ndipo uanze kukaza kwa vidole. Hatua hii ni ya lazima kwenye plastiki na aluminiamu, ambako skrubu iliyoingia upande huchonga njia mpya na kuidhoofisha ya kwanza. Drili isitumiwe kuanzisha. Itumike kumalizia tu, ikiwa imewekwa kwenye nguvu ya chini.

Kwenye mbao ngumu kama mninga, mvule au mtiki unaotoka Longuza huko Muheza, toboa kwanza tundu la kutangulia. Kwa skrubu ya milimita 4 tundu la milimita 3 linatosha. Paka meno ya skrubu nta ya mshumaa ili iteleze. Sabuni, ambayo watu wengi huitumia, hufyonza unyevu na huiletea skrubu kutu, na katika mji wenye hewa kama yetu hasara hiyo huonekana mapema.

Kwa milango na madirisha yanayotazama bahari, tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Bawaba ya shaba ya manjano ifungwe kwa skrubu za shaba hiyohiyo, kwa maana skrubu ya chuma cha kawaida ikigusana na shaba katika unyevu wa chumvi huoza haraka kuliko ingeoza peke yake.

Mambo yanapokwenda kombo

Kichwa cha msalaba kimeanza kuliwa. Jaribu kwanza bisibisi kubwa zaidi kwa namba moja, au ya PZ2 au JIS ikiwa ulikuwa unatumia Phillips, ukiigonga kwa nyundo ili ichonge makao mapya. Ikishindikana, kata kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli, kiweke kati ya bisibisi na skrubu, ugandamize na kuzungusha polepole sana. Mpira hujaza mapengo. Njia hii hufaa skrubu isiyokazwa mno. Haitaifungua iliyoshikwa na kutu.

Kichwa kimeliwa kabisa. Ikiwa kimejitokeza nje, kata mfereji mpya katikati kwa msumeno wa chuma na utumie bisibisi bapa pana, au kibane pembeni kwa plaizi inayojifunga. Ikiwa kimezama, tumia drili yenye biti kubwa kidogo kuliko shina la skrubu, utoboe kichwa chote hadi kikatike. Kifaa kitatoka, na shina lililobaki utalishika kwa plaizi. Kabla ya kutoboa, piga alama katikati kwa msumari mgumu ili biti isitembee, na uvae miwani ya kukinga macho.

Pembe za tundu la alenki zimeisha. Gonga biti ya Torx iliyo kubwa kidogo kuliko tundu hadi izame, kisha uzungushe. Boliti hiyo usiirudishe tena, nunua nyingine.

Bisibisi bapa inateleza hata kwenye mfereji mzuri. Tazama ncha yake. Huenda imekuwa ya mviringo kwa matumizi ya kubandulia makopo ya rangi. Ibane kwenye jiriwa na uinyooshe kwa tupa, ukihakikisha kuwa ncha ni bapa na kona zake ni kali. Usiinoe kama patasi. Ukiinoa kwenye mashine, ichovye majini kila mara. Ikigeuka rangi ya buluu kwa joto, chuma chake kimekwisha kulainika. Bisibisi ya msalaba iliyoliwa ncha hainoleki kwa mkono. Itoe kwenye sanduku lako ili usiitumie tena kwa kusahau.

Skrubu inazunguka lakini haitoki. Meno ya upande wa ndani yamekatika, au nati iliyoko nyuma inazunguka pamoja nayo. Ingiza ncha ya bisibisi bapa chini ya kifaa au chini ya kichwa, uivute juu kwa upole huku ukizungusha kwa mkono wa pili. Ikiwa kuna nati nyuma unayoweza kuifikia, ishike kwa spana.

Skrubu ya mlango haikazi tena. Hii huonekana sana baada ya masika, mbao zilizofura zinapokauka na kuacha tundu pana. Usiweke skrubu nene zaidi, kwa sababu kichwa chake hakitakaa kwenye bawaba na mlango hautafunga. Chonga kijiti cha mbao kavu, kipake gundi ya mbao, kigonge ndani ya tundu hadi kijae, na uache gundi ikauke usiku kucha. Kata kilichobaki nje, toboa tundu dogo la kutangulia katikati ya kijiti, kisha urudishe skrubu ileile kwa mkono.